Shukrani kwa mzee wa gatini, Santander

Mzee wetu, hukutuachia jina, lakini asante sana kwa kutuelekeza katika mji huu wa bandari wa kaskazini mwa Hispania.

Ulitutuma kwanza kwenye kanisa la chini, ndani ya Kanisa Kuu, ambako magofu ya Kirumi huonekana chini ya sakafu ya kioo. Ukatueleza kwamba mitaa iliyonyooka hapo jirani ilijengwa upya baada ya moto wa Februari 1941, uliochochewa na upepo mkali wa kusini. Asiyelijua hilo hushangaa mji mkongwe umekwenda wapi. Kupanda mlimani ni kwa kigari cha reli cha Río de la Pila, bila nauli.

La thamani zaidi lilikuwa la bahari. Boti ya kwenda Somo, ng'ambo ya ghuba, huondokea kwenye jumba la gatini liitwalo Palacete del Embarcadero na kupitia kijiji cha Pedreña. Anayefuata ufuko wa Somo asishuke Pedreña. Na wakati wa bamvua, tofauti ya maji kupwa na kujaa hupita mita 4, kwa hiyo anayetembea kwenye ulimi wa mchanga wa El Puntal atazame kwanza jedwali la maji: palipo pakavu asubuhi huweza kufunikwa mchana.

Mungu akuzidishie afya, mzee.