Kura nyingi, ushindi haba

Mhariri,

Wanaodai wananchi wengi wa Marekani walimtaka Donald Trump mwaka 2016 wamekosea. Mpinzani wake, Hillary Clinton, alimzidi kwa kura karibu milioni 2.9. Lakini Trump hakuiba: rais huchaguliwa na wajumbe 538 waliogawanywa kwa majimbo, na karibu kila jimbo humpa mshindi wa hapo wajumbe wake wote, hata akiongoza kwa kura moja. Al Gore, mgombea urais, aliionja shubiri hiyo mwaka 2000. Kushindwa kwa kura 537 tu katika jimbo la Florida kulimnyima Ikulu, ilhali kitaifa aliongoza kwa zaidi ya nusu milioni! Hasira naielewa. Ielekezwe kwenye Katiba basi, si kwa jirani aliyepanga foleni na kupiga kura yake kihalali.

Msomaji wenu