Malalamiko kuhusu yoyo zilizouzwa kwa wanaoanza na karatasi ya maelekezo yenye makosa

Mlezi wa kikundi cha michezo ya watoto,
Tanga.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: YOYO ZA ALUMINI ZILIZOANDIKWA "KWA WANAOANZA" NA MAELEKEZO YALIYOAMBATANA NAZO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nawaandikia kwa niaba ya watoto ninaowalea katika kikundi cha michezo ya jioni, pamoja na wazazi wao waliochanga fedha ili tununue yoyo dukani kwenu, yaani vile vichezeo vya pande mbili za duara zilizounganishwa katikati kwa mhimili, vinavyoshushwa na kupandishwa kwa uzi. Tulipopiga simu kueleza kwamba yoyo hazirudi mkononi, na kwamba baadhi zimeanza kushika kutu, tulijibiwa kuwa bidhaa haina kasoro yoyote na tatizo ni watoto ambao hawajajua kuitumia. Jibu hilo ndilo lililonilazimu kuandika barua hii, kwa sababu watoto hao walifuata karatasi yenu ya maelekezo hatua kwa hatua, na kila tatizo tulilolipata limetoka ama katika aina ya yoyo mliyotuuzia ama katika maneno ya karatasi hiyo.

Nianze na aina ya yoyo yenyewe. Karatasi yenu inasema kwamba mtoto akiishusha yoyo na kuuvuta uzi kidogo, yoyo itapanda na kurudi kiganjani. Maelezo hayo ni sahihi kwa yoyo yenye mwanya mwembamba, yaani nafasi iliyo kati ya pande zake mbili, ambamo uzi uko karibu na kuta za pande zote mbili na hushikwa mara tu unapolegea. Yoyo mliyotuuzia si ya namna hiyo. Ina beringi (pete ya chuma yenye gololi, inayozunguka kwenye mhimili) pana ya kipimo ambacho wachezaji hukiita C, yaani kipenyo cha nje milimita 12.7, tundu milimita 6.35 na upana milimita 4.76, na vipande vya silikoni vinavyopaswa kuushika uzi vimezamishwa ndani ya kuta. Yoyo ya namna hii imetengenezwa makusudi isirudi kwa kuvutwa, ili mchezaji aliyekomaa aweze kuitua juu ya uzi na kuitoa, mara nyingi mfululizo, bila kukamatwa kabla hajamaliza mchezo wake. Ili irudi, mchezaji hulazimika kuukunja uzi karibu na yoyo inayozunguka, kuuingiza mkunjo huo katika mwanya, na kuuacha urundikane mpaka uguse silikoni pande zote mbili na kuikamata yoyo. Hiyo ni mbinu ya mtu aliyekwisha kujua kurusha yoyo ikanyooka. Haimo popote katika karatasi yenu, na hata kama ingekuwemo, isingefaa kuwa somo la kwanza la mtoto wa darasa la tatu.

Naomba mlitafakari jambo hili kwa uzito, maana matokeo yake hayaishii kwenye fedha. Mtoto anaambiwa avute, anavuta, yoyo inaendelea kuzunguka chini mpaka inakufa, naye anahitimisha kwamba hana kipaji. Nimewaona watoto wawili watatu wakiweka yoyo chini na kukataa kuishika tena, ilhali mkono wao ulikuwa unafanya kila kitu sawasawa. Tulipoazima yoyo ya plastiki ya bei nafuu, yenye mwanya mwembamba, watoto wale wale waliirudisha jioni ile ile.

Kosa la pili ni jinsi karatasi inavyoelekeza kufunga uzi. Imeandikwa kwamba mtoto aufunge uzi "kwa fundo imara kwenye mhimili", na mchoro unaonyesha fundo hilo. Uzi wa yoyo wa namna hii haufungwi kwa fundo. Ni uzi mmoja mrefu uliokunjwa katikati na kusokotwa, ili kule chini ubaki na kitanzi kinachozunguka beringi bila kuibana. Kitanzi hicho ndicho kilichoibadilisha yoyo ya Marekani tangu mwaka 1928, pale Pedro Flores, mhamiaji kutoka Ufilipino, alipoanza kuzitengeneza huko Santa Barbara, California: kwa kuwa uzi haukufungwa, yoyo iliweza kubaki chini ikizunguka, hali ambayo wachezaji huiita kulala, na kutoka hapo ndipo michezo mingi ilipozaliwa. Beringi ilikuja baadaye sana kuurefusha usingizi huo. Tom Kuhn wa San Francisco alitoa yoyo yake ya beringi sokoni mwaka 1990. Karatasi yenu inamrudisha mtoto nyuma ya hatua zote hizo, tena kwa hatari, kwa sababu fundo linalojikunja ndani ya mwanya husugua silikoni upande mmoja, huifanya yoyo iyumbe, na mara nyingine huikamata ghafla ikapanda kwa kasi kuelekea usoni. Yoyo ya alumini ikimpiga mtoto kwenye jino au jicho, si jambo la kupozwa kwa maneno ya simu.

Upande wa kidole nako kuna kosa ambalo nalihesabu kuwa zito kuliko yote. Karatasi inasema uzi "ufungwe kidoleni". Uzi uliofungwa hukaza kila yoyo inapofika chini, na tumempata mtoto ambaye kidole chake kilivimba na kubadilika rangi kabla hatujawahi kuukata. Inavyotakiwa ni kuupenyeza uzi ndani ya kitanzi kidogo kilicho juu yake ili kupatikane kitanzi kipya kinachoteleza, kisha kitanzi hicho kivishwe kidole cha kati, kati ya kiungo cha kwanza na cha pili, na mtoto afundishwe kukilegeza mara kwa mara. Maelezo hayo yangetosha katika mstari mmoja wa karatasi yenu.

Urefu wa uzi haukutajwa kabisa. Uzi mliouweka katika pakiti unamfaa mtu mzima, na watoto wetu wengi waliigonga yoyo sakafuni kwa kila rusho. Alumini ikigonga saruji hupata ncha kali ukingoni, na ncha hizo huukata uzi na kuuchuna mkono. Kipimo cha kawaida ni rahisi: yoyo isimamishwe sakafuni karibu na mguu wa mtoto, uzi uvutwe juu mpaka usawa wa kitovu chake, ukatwe kidole kimoja au viwili juu ya hapo, na kitanzi kipya kifungwe kwenye ncha. Wazazi wangeweza kufanya hivyo nyumbani kwa mkasi tu, lau wangeambiwa.

Kuhusu kurusha, mchoro wenu unaonyesha kiganja kimeelekea chini, na yoyo inaachwa idondoke. Kwa namna hiyo yoyo haipati nguvu ya kuzunguka, na hata ile ya plastiki haitapanda sawasawa. Mtoto anapaswa kugeuza kiganja juu, yoyo ikae ndani ya vidole, na uzi utoke kidoleni ukipita juu ya yoyo kuelekea mbele, usipite chini yake. Kiwiko kikunjwe, ngumi ifike karibu na bega, kisha mkono ushuke na kifundo kifunguke mwishoni, ili yoyo iviringike kutoka kwenye ncha za vidole. Mara inapotoka, kiganja kigeuzwe chini, mtoto asubiri ifike mwisho wa uzi, kisha avute juu kidogo. Yoyo ikiinamia upande mmoja, ni mkono uliopinda wakati wa kurusha, na dawa yake ni kuelekeza mkono moja kwa moja mbele ya mwili. Nimeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu ndiyo masomo ambayo mzazi aliyenunua pakiti yenu alitarajia kuyapata, na hakuyapata.

Sasa nije kwenye utunzaji, ambako karatasi imeharibu mali yenyewe. Inaagiza yoyo ioshwe kwa maji na sabuni kila wiki, kisha itiwe "mafuta ya kutosha" kwenye mhimili na kwenye uzi. Tanga tuna unyevu wa bahari na vumbi la mchanga kwa pamoja, na beringi hizi ni za chuma. Zilipooshwa zikaanza kutu, zikanguruma, na baadhi zimekwama kabisa. Wazazi walitumia mafuta ya cherehani kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa nyumbani, nayo yalitambaa kwenye silikoni na kwenye uzi, vumbi likanata, na uzi ukawa mweusi na wenye kuteleza. Ni kweli kwamba grisi kidogo sana ndani ya beringi huweza kuifanya yoyo irudi kwa urahisi zaidi, kwa kuwa inapunguza kasi ya gololi, na ningelielewa agizo lenu kama lingekuwa hilo. Lakini mafuta kwenye uzi hayana faida yoyote katika mchezo huu.

Beringi haihitaji maji. Yoyo hufunguliwa kwa kuzungusha pande zake mbili kwa mikono mitupu, beringi hutolewa taratibu, klipu na vifuniko vyake vyembamba huondolewa kwa sindano, kisha beringi hulowekwa kwenye asetoni ndani ya chombo cha kioo, mahali penye hewa na mbali na moto, kazi ambayo inapaswa kufanywa na mtu mzima. Ikishakauka kabisa, hutiwa tone moja la mafuta mepesi, au haitiwi kitu. Fundi baiskeli wa mtaani kwetu aliitambua shida hiyo alipoizungusha beringi mara moja sikioni mwake, na akatusaidia kusafisha zile ambazo hazijaliwa. Nyingine hazikuokoka. Zipo pia yoyo mbili ambazo bolti yake ya katikati imeliwa meno, kwa sababu karatasi inasema zikazwe "kwa nguvu zote" kwa koleo, wakati mkono peke yake unatosha na koleo linaharibu meno ya alumini.

Kuhusu uzi, karatasi haisemi popote kwamba huchakaa. Kila rusho husokota uzi zaidi au huulegeza, na uzi uliosokotwa kupita kiasi huibana beringi na kuirudisha yoyo kabla ya wakati, huku ule uliolegea ukiiacha izunguke bila kushikwa. Mtoto anahitaji kuambiwa avue kitanzi kidoleni, aishike yoyo mkononi na kuuacha uzi uning'inie mpaka ujisokotoe wenyewe, na kwamba uzi ukionyesha nyuzinyuzi au ukibadilika rangi unapaswa kutupwa, kwa sababu uzi unaokatika hutupa yoyo mbali na hujui itamwangukia nani. Pakiti yenu ina uzi mmoja tu, na dukani kwenu tulielezwa kwamba uzi wa akiba hauuzwi.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, na tunayaomba kwa pamoja. Yoyo zilizoharibika kwa kufuata maji, mafuta na koleo vilivyoagizwa na karatasi yenu zibadilishwe kwa yoyo zenye mwanya mwembamba zinazorudi kwa kuvutwa, au fedha za wazazi zirudishwe. Zile ambazo bado zinafanya kazi zipewe beringi nyembamba, iwapo mtengenezaji anazo zinazozikubali, pamoja na nyuzi za polyesta za akiba. Pakiti zilizobaki dukani ziondolewe maandishi ya "Kwa wanaoanza" mpaka karatasi ya maelekezo iandikwe upya na mtu anayecheza yoyo, kwa Kiswahili kinachosomeka, ikieleza kitanzi cha kidole, urefu wa uzi na namna ya kusafisha beringi. Niko tayari kuisoma rasimu yake bila malipo, na kuijaribu pamoja na watoto wetu kabla haijachapishwa.

Tumeambatanisha nakala ya stakabadhi, karatasi yenu ya maelekezo iliyopigiwa mistari mahali penye makosa, na picha za beringi zenye kutu. Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Tusipolipata, tutawasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa, na maandishi yaliyo juu ya pakiti yenu yametupotosha.

Wako mwaminifu,

Mlezi wa kikundi, kwa niaba ya wazazi na watoto.