Taa kuwaka hakuthibitishi kwamba nyumba ni salama

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme jambo linalohusu nyumba tunazoishi, hasa vile vyumba vya kupanga ambavyo hapa Uganda tunaviita mizigo. Majengo ya namna hiyo yanaongezeka kwa kasi Tororo, Malaba na Mbale, na mara nyingi kabla plasta haijakauka mwenye nyumba humwita fundi apitishe nyaya, afunge soketi moja na taa moja katika kila chumba, kisha awashe. Taa ikiwaka, fundi hulipwa akaenda zake. Kipimo hicho ndicho ninachokilalamikia, kwa sababu taa huwaka hata pale waya wa ardhi, ule wa usalama, unapokuwa haupo, hata pale swichi inapokuwa imefungwa kwenye waya usio wake, na hata pale skrubu iliyo ndani ya soketi inapokuwa haijakazwa. Mimi hufundisha ufundi wa umeme na huitwa kukagua kazi za wengine, na makosa hayo matatu ndiyo ninayokutana nayo zaidi ya mengine yote.

Swichi ya taa imewekwa ili ikate waya wa moto, ule ambao mafundi huuita laivu. Fundi aliyefanya haraka akiupitisha kwenye swichi waya wa nyutro, ule unaorudisha umeme, taa itawaka na kuzimika kama kawaida na hakuna atakayeona tofauti, lakini holda, yaani kishikio cha balbu, iliyo darini itabaki na volti 240 usiku na mchana, iwe swichi imewashwa au imezimwa. Mtu anayepanda juu ya kiti kubadilisha balbu huizima swichi kwanza akiamini amejikinga, kumbe kidole kikigusa chuma cha ndani ya holda hiyo kimegusa moto. Balbu ya LED inayobaki na mwanga hafifu baada ya kuzimwa inaweza kuwa dalili ya kosa hilo. Mwanga huo una sababu nyingine pia, kwa hiyo mwenye kuuona amwite fundi apime, asibahatishe.

Kubahatisha huko ndiko kunakowaponza hata wanaojua kazi, hasa kwenye rangi za nyaya. Katika nyumba za zamani waya wa moto ni mwekundu na nyutro ni mweusi. Katika nyumba mpya waya wa moto ni wa kahawia, nyutro ni wa buluu, na wa ardhi una kijani na manjano. Nyumba iliyoongezwa vyumba miaka kumi baadaye huwa na mifumo yote miwili ndani ya ukuta mmoja. Tena, pale umeme wa fezi tatu, yaani wa nyaya tatu za moto, unapoingia, weusi ambao zamani ulikuwa nyutro katika mfumo mpya ni waya wa moto, na buluu ambayo leo ni nyutro katika mfumo wa zamani ilikuwa moto. Rangi isomwe, kisha waya upimwe kwa mita kabla ya kufungwa.

Kuhusu waya wa ardhi naomba wasomaji wanivumilie, maana hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Soketi yetu ni ile ya matundu matatu iliyotokana na kiwango cha Uingereza cha mwaka 1947. Ukiitazama kwa mbele, tundu la juu ni la ardhi, la chini kulia ni la moto na la chini kushoto ni la nyutro. Ili kupunguza gharama, wapo mafundi wanaopitisha nyaya mbili tu ukutani na kuliacha lile tundu la juu bila waya wowote nyuma yake, na kwa macho soketi hiyo inafanana kabisa na iliyokamilika. Pasi, jiko la umeme na friji vina miili ya chuma iliyounganishwa na waya huo. Waya wa moto ukichubuka ndani ya pasi na kugusa chuma, njia nzuri ya ardhi huuruhusu umeme mwingi upite kwa ghafla, na sakiti breka (swichi inayojizima yenyewe umeme ukizidi) au fyuzi hukata papo hapo. Njia hiyo isipokuwapo hakuna kinachokata: pasi inaendelea kupata moto, nguo zinaendelea kunyooshwa, na mwili wake wa chuma unamsubiri mtu wa kwanza atakayeushika akiwa pekupeku juu ya sakafu yenye maji.

Kuna na desturi nyingine ambayo nimeiona karibu kila nyumba ninayoingia. Chaja au redio ikija na plagi ya miguu miwili, watu huchomeka kalamu au kijiti katika tundu la juu ili matundu ya chini yafunguke. Ndani ya soketi kuna vifuniko vidogo vilivyotengenezwa kufunguliwa na mguu mrefu wa ardhi wa plagi halali, na kazi yake ni kuzuia vidole vya watoto na vyuma wanavyovichezea. Mtoto anayemtazama baba yake akifungua vifuniko hivyo kwa kijiti amefundishwa namna ya kuufikia moto, na kesho atajaribu kwa msumari. Adapta nzuri, au plagi ya miguu mitatu yenye fyuzi inayolingana na kifaa, ndiyo dawa. Fyuzi ya ampia 3 inatosha kwa redio. Ya ampia 13 iachiwe birika na pasi.

Wengi hujitetea kwamba wana sakiti breka. Breka ya ampia 20 imewekwa kuulinda waya usiungue, na haiwezi kumwona mtu anayekufa, kwa sababu umeme unaoweza kuusimamisha moyo haufiki hata sehemu ya kumi ya ampia moja. Kinachomlinda mtu ni kifaa kingine kiitwacho RCD, kile kinacholinganisha umeme unaotoka na unaorudi na kukata pale tofauti inapofikia miliampia 30. Natamani kila nyumba ya kupanga iwe na kimoja karibu na swichi kuu, pamoja na waya wa ardhi na si badala yake.

Waya uliolegea nao hauzimi taa, hupata joto. Umeme ukipita mahali palipobanwa nusunusu, soketi huanza kubadilika rangi, plastiki hunuka, na mwisho wake ni moto wa kweli. Fundi avute kila waya baada ya kukaza skrubu, na atumie waya wa milimita za mraba 2.5 kwa soketi na 1.5 kwa taa, wa shaba halisi. Birika la wati 2,000 peke yake hutumia zaidi ya ampia 8. Likikutana na pasi kwenye kebo moja ya kuongezea, soketi ya ampia 13 inaweza kuzidiwa. Breka ikikata kwa sababu hiyo, kuibadilisha kwa kubwa zaidi ni kuamua kwamba waya wa ukutani ndio uungue kwanza.

Kwa wale wanaofungua soketi wenyewe nyumbani nina ombi la pekee. Umeme ukikatika mtaani, au uniti za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, zikiisha, huo si wakati wa kushika nyaya. Umeme wa mtaani hurudi bila hodi, na katika mizigo mingi mita moja inahudumia wapangaji kadhaa, hivyo jirani anaweza kuingiza tokeni wakati mkono wako uko ndani ya kisanduku cha ukutani. Zima swichi kuu, hakikisha hakuna wa kuiwasha, jaribu testa yako kwanza mahali unapojua pana moto, pima waya unaotaka kuushika, kisha irudishe testa pale pa kwanza uone kama bado inafanya kazi. Kazi inayopita kubadilisha soketi iliyovunjika iachiwe fundi mwenye kibali.

Sheria ipo. Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme ndiyo inayotoa vibali kwa mafundi wa kufunga nyaya, na nyumba mpya inapoombewa umeme hutakiwa kuwa na cheti cha fundi wa aina hiyo. Tatizo ni kwamba cheti hubaki kwa mwenye nyumba, na vyumba vinavyoongezwa baadaye huungwa na vishoka bila cheti chochote. UEDCL, kampuni ya serikali iliyochukua kazi ya kusambaza umeme mwezi Aprili 2025, ingetusaidia sana kama wakaguzi wake wangeipima ardhi kwenye kila soketi ya jengo la kupanga, wasiishie kwenye mita. Wenyeviti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, nao wanawajua wajenzi wote wa mtaa wao na wanaweza kuuliza mapema.

Mpangaji kabla hajatoa kodi ya kwanza ana haki ya kuuliza nani alifunga nyaya na lini waya wa ardhi ulipimwa. Akikuta haukupimwa, gharama ya kupima na kurekebisha ni ya mwenye nyumba, kwa kuwa ukuta na nyaya ni mali yake, wala isiongezwe kwenye kodi.

Fundi umeme na mwalimu wa ufundi,
Tororo.