Heri ya Krismasi, na hesabu ya sukari ya 1791

Ndugu wasomaji, tunawatakia heri ya Krismasi na Mwaka Mpya. Wiki hii sukari inanunuliwa kwa wingi: chai ya wageni, keki, kaimati. Nasi tunawakumbuka waliopiga vita utumwa kwa kuanzia na sukari hiyo hiyo.

Mwaka 1791 Bunge la Uingereza lilikataa kukomesha biashara ya watumwa, kwa kura 163 dhidi ya 88. William Fox akatoa kijitabu kuwahimiza watu waache sukari ya Karibi, iliyolimwa na watumwa. Nguvu yake ilikuwa hesabu: familia inayotumia ratili 5 kwa wiki, yaani kilo 2 na robo hivi, pamoja na ramu kiasi chake, ikiacha kwa miezi 21 itamnusuru mtu mmoja na utumwa au kuuawa. Mama asiye na haki ya kupiga kura aliweza kuipima hesabu hiyo jikoni kwake. Thomas Clarkson, aliyezunguka nchi akikusanya ushahidi, alikadiria kuwa watu 300,000 hivi waliacha.

Mwaka uliofuata wabunge wakakubali biashara ikome, ila polepole. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Wenye mashamba wakapata muda, vita na Ufaransa vikazuka 1793, na meli zikaendelea kubeba watu hadi sheria ya 1807, ambayo nayo haikumgusa aliyekwisha kuwa mtumwa. Elizabeth Heyrick wa Leicester alichapa kijitabu 1824 akidai uhuru wa papo hapo, akapita nyumba kwa nyumba kuomba sukari isusiwe tena. Kwetu sisi, aliona mbali kuliko wakubwa wa harakati.

Lakini Krismasi hasa ni ya Samuel Sharpe, mtumwa na shemasi wa Kibaptisti huko Montego Bay, Jamaica. Alijua kusoma, akifuata magazetini mjadala wa London. Aliwaapisha wenzake kwa Biblia kwamba sikukuu ya 1831 ikiisha, hakuna kukata miwa bila ujira. Tarehe 27 Desemba shamba la Kensington likachomwa moto, mgomo ukawa uasi. Zaidi ya watu 300 walihukumiwa wakauawa. Sharpe alinyongwa 23 Mei 1832. Mwaka 1833 Bunge likapitisha sheria ya kukomesha utumwa. Wenye watumwa walitengewa fidia ya pauni milioni 20, watumwa hawakupewa hata senti.

Krismasi njema kwenu nyote. Tarehe 27, watoto wakiwa bado nyumbani, watajieni jina la Sharpe.