Kwa wanangu mnaotengeneza filamu fupi juu ya baba aliye mbali

Wanangu,

Miswada mnayoniletea naisoma yote, na karibu yote ina baba yuleyule: mlevi, mkali, halafu machozi na kukumbatiana dakika ya mwisho. Walevi wapo, sikatai. Ila wengi wetu hatukuondoka kwa chuki. Tuliondoka mikono mitupu, tukaona aibu kurudi nayo vilevile, tukasema nitakwenda mwezi ujao nikipata chochote. Mwezi ukazaa mwaka. Filamu yenu imo ndani ya huo mwezi ujao.

Nasema hivi kwa sababu baba huyo nilikuwa mimi. Kazi ilikatika, nikahama, nikakaa kimya miaka minne. Siku nilipopata moyo wa kwenda kumwona binti yangu, nilimnunulia viatu. Alipofungua mlango nikamtazama miguu, nikajua. Nilikuwa nimenunua viatu vya yule mtoto niliyemwacha. Alivipokea kwa mikono miwili, akanishukuru kama anavyoshukuriwa mgeni, akaviweka kando bila kuvijaribu. Hakuna aliyelia. Nilikunywa maji, nikaaga.

Mkikipata kitu kama viatu vile, baba hahitaji kueleza lolote. Na muda wa maelezo hamna: hata Tuzo za Oscar huihesabu filamu kuwa fupi isipozidi dakika 40, na zenu nyingi hazifiki 15. Ukurasa mmoja wa mswada hukaribia dakika moja. Baba anayesimulia maisha yake kurasa tatu amewamalizia filamu. Futeni. Kifuteni na kile kinanda kinachomwamuru mtazamaji aanze kulia.

Mwaka 1948 Vittorio De Sica, mwongozaji wa filamu wa Italia, alitoa filamu ya baba aliyeibiwa baiskeli, kwa Kiingereza Bicycle Thieves. Si fupi, lakini itazameni kwa makini. Nafasi ya baba hakumpa mwigizaji, alimpa mfanyakazi wa kiwandani. Mwishoni baba naye anajaribu kuiba, anakamatwa mwanawe akiona. Mtoto anamshika mkono, wanatembea. Hakuna anayetamka neno msamaha.

Mtoto naye mtendeeni haki, na hapa ndipo mnaponiumiza zaidi. Mnamleta aje kumsafisha baba tu, asamehe upesi ili watazamaji waende nyumbani wamefarijika. Mtoto aliyesubiri miaka ana hasira yake, na ni halali. Mwacheni anyamaze. Mwacheni akatae. Binti yangu alikaa muda mrefu kabla ya kuniita baba tena, na sikuwa na haki ya kumharakisha.

Mmoja wenu ameandika baba anayefanya mazoezi ya salamu mbele ya mlango, kwa sauti ya chini, mara tatu, kisha anageuka na kwenda zake bila kugonga. Kurasa nne tu. Mswada huo upigeni picha kwanza, wanangu, na msiuongezee mlango kufunguka.

Mzee wenu