Zimebaki siku 11

Mabibo, Jumapili tarehe 22

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Sisi wazima, ni joto tu na maji ya kuvizia. Najua umeninunia tangu ile shughuli ya Idi niliyoikosa. Nuna, lakini nuna baadaye, hili halisubiri.

Salma yuko kwangu. Salma yule yule uliyepanda naye basi kutoka Kondoa. Usiku wa tarehe 3, saa nne, mama wa geti la bluu alimtoa nje na kifurushi cha kanga, eti kavunja bakuli. Miezi 11 kafanya kazi za ndani pale, na kila mwezi mshahara anaambiwa, "Nakuwekea, usije ukatapeliwa mjini." Elfu sabini mara 11, piga hesabu mwenyewe. Alipoiulizia hiyo akiba akajibiwa kwamba kala, kalala, kaoga kwa sabuni ya watu, kwa hiyo hawadaiani.

Nikwambie ukweli, sikushtuka. Nilikuwa najua. Kuna siku alinikopa elfu mbili ya dawa ya jino, nikamuuliza mshahara uko wapi, akasema anawekewa. Nikanyamaza. Yule mama tunacheza naye kibati, upatu wetu wa kupokezana hela, na zamu yangu ya kupokea ilikuwa karibu. Halafu sisi si ndio tunaowaita beki tatu tukacheka?

Aliyeanza ni Mama Tatu. Alifunga jiko la chapati asubuhi kweupe, wateja wamepanga foleni, akaenda kwa mjumbe. Mjumbe akataka yaishe kimya kimya. Mwenyekiti wa mtaa akamwita Salma na yule bibi wa geti la bluu, bibi hakutokea, akapiga simu kusema walikubaliana elfu thelathini. Hajui kwamba kima cha chini cha mshahara wa kazi za ndani kilichoanza Januari 2023, kwa anayelala kwa mwajiri, kilikuwa tayari elfu sitini. Kajikaanga kwa mafuta yake.

Jioni tukajaa barazani kwa Bi Mkubwa. Wale vijana wa boda walitaka wakapige honi getini usiku kucha, na wallahi nusura tukubali. Bi Mkubwa akawakata: "Mkimpigia kelele, kesi itakuwa ya kelele." Basi kesho yake tukaenda watu wanne na Salma kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Boda walitubeba bure, njia nzima wanatutania kwamba tumezoea Mahakama ya Ndizi tu, lile soko letu la ndizi.

Kumbe hausigeli ni mfanyakazi kama karani wa benki, sheria ya ajira ya 2004 haimbagui. Kwa kuwa kapita miezi sita kazini, anaweza kulalamikia hata kule kufukuzwa, ila ni ndani ya siku 30. Mshahara ambao hakulipwa una siku 60. Nikauliza, na mkataba wa maandishi hana, itakuwaje? Wakasema maandishi ni wajibu wa mwajiri, akikosa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Nikapumua.

Sasa sikia kinachonitia wazimu. Fomu tunayo, Salma hataki kuisaini. Siku ya 19 leo! Anasema dada Mwanaidi ndiye aliyenileta, nikimshitaki rafiki yake nitakuwa nimemtia aibu. Tumembembeleza wote, Bi Mkubwa mpaka kalia. Hapana, mpaka dada Mwanaidi aseme.

Kwa hiyo sema. Mpigie, tena leo. Na ukiweza uje, maana siku ile elfu sabini inatajwa ulikuwa umekaa kwenye lile kochi, unakunywa chai. Nauli ya kuja na kurudi tumeshachanga. Najua mumeo na mume wa yule bibi ni chanda na pete, najua ndiye aliyesimamia shughuli yako. Mimi mwenyewe sina salama: kajitoa kwenye grupu la kibati, na yeye alishapokea zamu yake, hodari kweli! Ya kwangu imeota mbawa.

Jambo jingine, naona haya kuliandika. Salma analala na Jamila. Nimemkataza kazi, lakini alfajiri nakuta sakafu inang'aa. Siku za mwanzo niligomba. Jana nimejikuta nimeacha vyombo kwenye beseni, nikaenda kulala.

Haya, nijibu. Utakuja lini? Mumeo unamwambia kwanza au unamwambia ukiwa ndani ya basi? Mama yake Salma kule Kondoa kuna aliyempa taarifa, au kila mtu anadhani mwenzake kampa? Kuna ujumbe wowote kwenye simu yako ambao yule bibi alitaja hela? Usiufute, tafadhali. Na vile vyombo, shoga, unadhani yeye naye alianzia hapo?

Wako,
Mama Jamila