Mjusi wa Pemba hakuletwa na watalii

Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari, lakini ile habari ya mijusi "waliovamia" nyumba za wageni hapa Pemba siwezi kuinyamazia. Mwandishi wenu kasema mjusi wa kijani kaletwa na meli za watalii. Si kweli! Mjusi huyu hana kwao kwengine duniani ila Pemba, na wataalamu walimpa jina mwaka 1941.

Angeuliza angeelezwa. Unguja ilikuwa imeshikana na bara wakati bahari imeshuka zaidi ya mita 100, na mnyama aliweza kuingia kwa miguu. Pemba sivyo: mkondo ulioko baina yetu na bara una kina cha mamia ya mita. Mjusi mdogo alivuka maji. Ukoo wake umejaa Bukini, yaani Madagaska. Gogo likibebwa na maji kutoka huko, huchukuliwa magharibi, kisha kaskazini kufuata pwani yetu. Mjusi hustahimili njaa kuliko panya, na mayai yake yana ganda gumu linalokaa salama katika ufa wa gome. Akitua penye minazi, migomba na wadudu, amefika.

Sasa nieleze kilichoniudhi zaidi. Majuzi nilikwenda kumwamkia mgeni wangu katika nyumba moja ya kulala wageni, nikamkuta kijana anapuliza dawa ukutani huku anachokoa mayai kwa ufagio, kwa amri ya meneja. Mijusi wa kijani wanagaagaa sakafuni. Nikamwambia meneja kuwa hao ndio wanaokula wadudu wake, tena hawapatikani popote pengine. Akanijibu kwamba wageni wanawaogopa, na gazeti limeandika ni wavamizi. Gazeti lenu, Mhariri!

Na vitabu vya skuli navyo vimejaa simba na twiga, ambao Pemba hawapo. Mtoto atamjuaje mjusi aliyeko mnazini kwao?

Sahihisheni habari ile ukurasa uleule. Picha ya mjusi huyu ibandikwe bandari ya Mkoani, pembeni ya dirisha la tiketi. Na kila mche unaoshushwa pale ukaguliwe chini ya majani na ndani ya chungu, kwa sababu kisiwani Morisi (Mauritius) wameingiliwa na mjusi mkubwa wa Bukini, na sasa anawala wadogo wa kwao.

Mwalimu mstaafu,
Chake Chake, Pemba